Thirst (2009): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu padri wa Kikorea aliyegeuka vampaya

Hii ni muvi ipi haswa, maana zenye jina hilo zipo nyingi?

Ni ile ya Park Chan-wook, yule yule wa Oldboy, ilitoka Korea Kusini tarehe 30 Aprili 2009. Kwao inaitwa Bakjwi, huku nje ikasambazwa kwa jina la Thirst, kwa hiyo ukiitafuta andika na jina la muongozaji au mwaka, la sivyo utaletewa muvi nyingine kabisa. Padri ni Song Kang-ho, yule baba wa familia maskini kwenye Parasite, na mwanamke ni Kim Ok-bin (wengine wanaandika Kim Ok-vin, ni mtu huyo huyo). Inakwenda saa 2 na dakika 13. Lipo pia toleo refu zaidi la muongozaji mwenyewe, ila ukianza na la kawaida hujapungukiwa kitu.

Stori inahusu nini? Niambie bila kuniharibia

Kuna padri Mkatoliki anaitwa Sang-hyun, anahudumia wagonjwa hospitalini, kazi yake ni kuwaombea watu ambao anajua kabisa wengine kesho hatawakuta, na imemchosha kuona watu wanakufa mbele yake wakati yeye hana cha kuwapa zaidi ya maneno. Anajitolea kwenda kwenye maabara moja huko Afrika wanakojaribu chanjo ya kirusi cha kutisha, anaambukizwa, malengelenge yanamtoka mwili mzima, anatapika damu, anakufa. Halafu damu aliyoongezewa, ambayo hakuna anayejua ilikuwa ya nani, inamfufua pale pale kitandani. Anarudi Korea amezungushiwa bandeji usoni, waumini wanaanza kumfuata kama mtakatifu, kila mwenye mgonjwa anataka aguswe na yeye, kumbe mwenzao ndani kashakuwa kitu kingine kinachoishi kwa damu ya watu.

Katika hao wanaotaka maombi yupo Mama Ra, mwanaye Kang-woo anaumwa, na inagundulika kwamba Kang-woo na padri walikuwa marafiki utotoni. Padri anakaribishwa nyumbani, na humo ndani anamkuta Tae-ju, mke wa Kang-woo. Mengine yote yanaanzia hapo, mapenzi ya wizi, mauaji, na majuto ambayo hayaondoki.

Ni kweli imetolewa kwenye kitabu cha zamani?

Ndiyo, na sio kwa mbali kama wengi wanavyodhani. Kitabu ni Thérèse Raquin cha Mfaransa Émile Zola, kilitoka mwaka 1867. Humo kuna Thérèse, binti aliyeachwa kwa shangazi yake Madame Raquin akiwa mdogo, akalelewa kitanda kimoja na binamu yake Camille, mtoto wa kiume mgonjwa mgonjwa aliyedekezwa mpaka basi, na binti mwenyewe hana ugonjwa wowote lakini analazwa naye ndani na kunyweshwa dawa zake. Wakikua wanaozeshwa, hakuna aliyemuuliza kama anataka. Wanahamia Paris, wanafungua kiduka cha vifaa vya kushonea kwenye kichochoro chenye giza kinaitwa Passage du Pont-Neuf, na siku moja Camille anamleta nyumbani rafiki yake wa zamani, Laurent. Unajua kinachofuata. Wanamzamisha Camille mtoni Seine, wanaoana, na hawalali tena usingizi.

Sasa chukua hayo uweke Korea ya leo. Duka linakuwa la hanbok, zile nguo za asili za Kikorea. Jioni ya kila Alhamisi ya kucheza domino inakuwa usiku wa kucheza mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina, na kwenye meza hiyo bado yupo askari mstaafu kama yule wa Zola. Mto unakuwa bwawa. Wazo la padri anayegeuka vampaya Park alikuwa nalo miaka mingi kabla, na alishamwambia Song Kang-ho tangu enzi wanafanya muvi yao nyingine, JSA, iliyotoka 2000, halafu akaliunganisha na kitabu hiki. Skripti aliandika pamoja na Jeong Seo-kyeong, mwanamke ambaye ameandika naye nyingi, na mimi naona mkono wake unasikika sana kila Tae-ju akifungua mdomo.

Na kwenye kitabu kuna vampaya?

Hakuna hata mmoja. Ila kuna kitu kimoja ambacho ukikisoma baada ya kuiona muvi unasimama kwanza. Camille akiwa anatupwa majini anamng'ata Laurent shingoni, kipande cha nyama kinatoka, na lile kovu halimwachi Laurent mpaka mwisho. Siku ya harusi yake kola ya shati inalikwangua, usiku anamlazimisha Thérèse alibusu na mwanamke wa watu anashindwa kwa kinyaa, kwenye kioo analiona limeiva jekundu. Alama ya meno shingoni imekaa humo tangu 1867! Kwa hiyo wanaosema Park kachukua kitabu cha watu akakibandika vampaya kwa nguvu, nawaomba wasome ile sura ya mtoni.

Na kuna hili pia, Zola kitabu kizima anaongelea damu na neva. Laurent kwake ni mtu wa damu, mwenye mwili mkubwa, mlaji, mvivu, na Thérèse ni mtu wa neva, yani wa hisia kali zinazowaka ndani, na maafa yao yanatokana na hizo mbili kukutana.

Kikubwa alichobadilisha Park ni kipi?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, naomba nilijibu kwa kirefu.

Zola alipotoa kitabu alishambuliwa vibaya sana, kuna mkosoaji aliandika gazetini kwamba ni fasihi iliyooza. Toleo la pili lilipotoka 1868 akaweka dibaji ya kujibu, na humo anasema wazi kwamba hao wawili ni wanyama tu wenye umbo la binadamu, kwamba yeye alifanya kwenye miili miwili hai kile ambacho daktari wa upasuaji anafanya kwa maiti, na kwamba roho humo haimo kabisa na alitaka iwe hivyo. Kwake hata yale wanayoyaona wahusika usiku, Camille amelowa, amelala katikati yao kitandani, sio dhambi inayowasuta, ni neva zilizochoka.

Park akakichukua kitabu hicho hicho ambacho Zola mwenyewe kakitoa roho kwa makusudi, halafu kwenye nafasi ya Laurent, yule mvivu mpenda kula, akamweka mtu ambaye kazi yake maisha yote ni roho za watu. Padri! Yani mtu aliyeapa useja, anayeungamisha watu, aliyetaka kufa ili wengine wapone, ndo anapewa ule mwili wa Laurent wenye njaa. Muvi nzima ni hicho kitu kimoja, mtu wa roho amefungiwa ndani ya hadithi ambayo haikutaka roho, na anahangaika kuirudisha. Anakunywa damu lakini hataki kuua. Analala na mke wa mtu lakini anataka iwe mapenzi ya kweli. Anaua, halafu hawezi kujiambia ni neva. Mimi kila nikiiangalia naona watu wawili wanabishana, Zola na Park, na Park hamdharau mwenzake hata kidogo, anamwachia ashinde sehemu kubwa, kwa sababu kila mara njaa ya mwili inamshinda padri. Asichomwachia ni jinsi ya kumaliza.

Ndo maana huwa nasikitika mtu akiniambia ni muvi ya vampaya tu. Vampaya ni njia yake ya kuuliza kama mtu akiwa na njaa asiyoichagua bado anahesabiwa alichofanya nayo.

Kwani Korea kuna Wakatoliki wengi? Mbona padri?

Wapo, ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Na historia yao ni ya pekee kwa sababu kanisa lile lilianza na wasomi wa Korea wenyewe waliosoma vitabu vilivyotoka China, mmoja wao Yi Seung-hun akabatizwa Beijing mwaka 1784, wamisionari wakaja baadaye. Kisha yakafuata mateso ya miaka mingi, watu wakauawa kwa maelfu, na mwaka 1984 Papa Yohane Paulo wa Pili akawatangaza 103 kuwa watakatifu pale pale Seoul. Kwa hiyo mashahidi wa dini kwa Mkatoliki wa Korea sio habari ya mbali, na anayejua Namugongo inavyobebwa na Waganda atanielewa haraka. Sang-hyun anapokwenda kujitoa kwenye jaribio la chanjo anaiga njia iliyokuwepo. Park mwenyewe alikulia kwenye familia ya Kikatoliki, na inaonekana, maana ibada na sala za humo hazijachezewa na mtu wa nje. Kuna sala moja padri anaisali kabla ya kuondoka, anaomba mwili wake uoze kama wa mkoma ili kila mtu amkwepe, na anaendelea kuomba viungo vyake viondoke kimoja kimoja, ni sala inayotisha kuliko damu yote inayomwagika baadaye.

Vampaya wa humu wakoje? Wana meno? Wanaogopa msalaba?

Meno hawana, wanatumia mkasi, kisu, dripu, chochote kilichopo. Msalaba hauwafanyi kitu, anayeuvaa mwenyewe ni padri! Jua ndo linawaunguza kweli. Wanapata nguvu za ajabu, wanaruka kutoka paa hadi paa, wanasikia na kunusa kila kitu. Halafu kuna utaratibu mmoja mzuri sana kwa upande wa stori, kile kirusi hakijaisha mwilini, damu ya watu inakituliza tu, kwa hiyo padri akifunga kunywa malengelenge yanarudi usoni na anaanza kufa upya. Hana njia ya kuwa mwema kimya kimya akabaki hai.

Mwanzoni anajipatia kwa mgonjwa aliye kwenye koma hospitalini, mwanamume mnene anaitwa Hyo-sung. Padri analala chini sakafuni kando ya kitanda, anavuta damu kwenye mpira wa dripu taratibu. Na zingatia mwanzo wa muvi, kabla ya koma Hyo-sung anamsimulia padri kwamba zamani aliwahi kuwa na keki akawapa wenye njaa, anauliza kama Mungu atakumbuka. Baadaye padri anajitetea kwa kisa hicho hicho, kwamba Hyo-sung alipenda kuwalisha wenye njaa, angekuwa macho angekubali. Ni utetezi mbaya lakini unamwelewa, na hapo ndipo Park alipo hodari.

Inatisha kiasi gani? Naweza kuangalia na familia sebuleni?

Hapana, usijaribu. Kwao Korea waliipa daraja la watu wazima tu. Kuna sini za kitandani za wazi na ndefu, kuna utupu wa padri mwenyewe ambao ulizungumzwa sana Korea ilipotoka, na kuna damu nyingi. Sio ile ya kukurupusha, hakuna mtu anayetokea ghafla nyuma ya pazia ukamwaga chai. Inakutia wasiwasi polepole, mara unacheka kwa sababu Park anaweka vichekesho katikati ya msiba, kisha unajishangaa kwa nini umecheka. Kuna mahali padri anapuliza filimbi, wimbo wa Bach, na damu inaanza kutoka kwenye matundu ya filimbi. Kama una moyo mwepesi kwa mambo ya hospitali, sindano na mipira, jiandae, maana ni nyingi.

Neno la ziada kwa wanaopenda zile zilizowekewa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili juu: kwa hii naomba uanze na sauti yake ya asili na maandishi chini. Kuna kunyonya, kumeza, kupumua, nyayo za Tae-ju usiku, Park ametengeneza sauti kana kwamba na wewe masikio yako yamegeuka vampaya. Ukiifunika na maelezo umeikosa nusu.

Ni mapenzi au ni tamaa tu?

Watu wanabishana sana hapa. Jibu langu ni mapenzi, ila ya watu wawili waliopendana kila mmoja kwa sababu yake.

Muangalie Tae-ju kabla padri hajaja. Ameokotwa, kalelewa humo ndani, kaolewa na mtoto wa nyumba, anamsafisha mume pua, anauza dukani, anahudumia wageni wa mahjong, anaitwa itwa kama kijakazi. Usiku anatoka nje anakimbia barabarani peku, anakimbia tu hadi achoke kisha anarudi. Hiyo ndo starehe yake pekee. Usiku mmoja padri anakutana naye akikimbia hivyo, anambeba juu juu kama mtoto na kumsimamisha ndani ya viatu vyake mwenyewe. Hakuna neno la mapenzi lililosemwa lakini kwangu hiyo ndo sini ya mapenzi kuliko zote za kitandani. Mtu wa kwanza maishani kuona kwamba miguu yake inauma.

Sasa yeye anampenda kama mlango wa kutokea. Padri anampenda kama mtu wa kuokolewa. Hapo ndo mkosi unapoingia, maana mlango ukishafunguka anayetoka sio yule uliyemfikiria. Kim Ok-bin wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22 hivi na anacheza na staa mkubwa kuliko wote Korea, halafu kuanzia katikati muvi inakuwa yake. Anatoka kwenye uso uliokufa hadi kicheko cha mtoto aliyefunguliwa shule. Unaogopa na unamfurahia kwa pamoja.

Mbona nyumba ile ina mambo mengi ya ajabu, hanbok, vodka, mahjong?

Mimi naona ni makusudi kabisa. Jengo lina sura ya Kijapani, nguo za Kikorea zinauzwa chini, mchezo ni wa Kichina, wanakunywa vodka, kwenye santuri zinapigwa nyimbo za zamani za Korea, na mezani yupo Evelyn, mke wa mmoja wa wageni, ametoka Ufilipino. Dini ya padri imekuja kutoka nje, kirusi kimekuja kutoka nje, na vampaya kama wazo ametoka nje pia. Kila kitu kimeingia kwa mlango huo, kikazoeleka, kikawa cha nyumbani. Na hadithi yenyewe ni ya Paris. Chung Chung-hoon, mpiga picha wake, ameifanya nyumba kuwa ya giza na unyevu, ukitoka humo unahisi nguo zako zina ukungu.

Afrika imetumikaje humo? Inatudhalilisha?

Sehemu ni fupi, ni ile maabara ya majaribio tu. Sikuona dharau ya wazi, wanaougua na kufa pale ni waliojitolea kutoka nje kama yeye. Ila ni ule mtindo wa siku zote wa ugonjwa wa ajabu kuwekwa Afrika bila kueleza zaidi, na mtu akinung'unikia hilo namuunga mkono, muvi yenye akili kiasi hiki ingeweza kufikiri zaidi hapo. Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui, Thérèse wa kwenye kitabu naye ana Afrika yake, alizaliwa Oran, Algeria, baba askari wa Kifaransa na mama mwenyeji wa huko, na Zola anaieleza ile damu ya mama kama ndo chanzo cha moto wake, kwa fikra za Ulaya ya wakati ule ambazo leo zinakera. Park hilo kaliacha, Tae-ju ni Mkorea na moto wake unaelezwa na maisha aliyoishi. Nampongeza kwa hilo.

Huyu padri si ndo mumiani wetu?

Kwa namna fulani amekaribia kuliko vampaya wa Ulaya wa kwenye ngome. Mumiani waliosimuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni walikuwa watu wenye magari, sare, sindano na ndoo, waliosemekana kukamata watu na kuwatoa damu ikatengenezwe dawa, huko Nairobi hata wazimamoto walishukiwa. Hofu ilikuwa ya mtu mwenye cheo na vifaa. Sang-hyun naye ni mtu wa heshima, ana kanzu, ana ruhusa ya kuingia wodini usiku, na damu anaitoa kwa mpira. Tofauti ni kwamba mumiani hatukuwahi kuambiwa anajisikiaje, na huyu tunakaa naye mpaka ndani.

Onyo: maswali mawili yanayofuata yanafichua. Vipi kuhusu zile alama mapajani kwa Tae-ju, na kwa nini anamuua halafu anamfufua?

Padri alikubali kumuua Kang-woo kwa sababu aliamini anamtesa mkewe, aliona makovu. Baadaye inajulikana Tae-ju alijiumiza mwenyewe, na Kang-woo pamoja na ujinga wake wote hakumpiga. Kwa padri hii ni pigo kubwa sana, maana alichobaki nacho ilikuwa ile sababu. Anamvunja Tae-ju shingo kwa hasira na uchungu, anaanza kumnywa, halafu anatambua amebaki peke yake na anampa damu yake. Wakati huo wote Mama Ra, mama mkwe aliyepooza kwa kiharusi baada ya kufiwa, yuko kwenye kiti anawaangalia kwa macho tu.

Na huyu Mama Ra, Kim Hae-sook kamcheza ajabu. Kwenye kitabu Madame Raquin aliyepooza anajaribu kuwaambia wageni wa Alhamisi kwa kuandika mezani kwa kidole, anaandika Thérèse na Laurent wame..., mkono unakufa hapo, na mgeni mmoja anajimalizia mwenyewe kwamba eti wanamtunza vizuri. Ni sini katili kuliko zote Zola aliyoandika humo. Park anamruhusu mama wa Kikorea afikishe ujumbe, kwa macho na kidole, na hapo wageni wa mahjong wanajua, na Tae-ju ambaye sasa ni vampaya asiye na breki anawageukia. Padri anamficha Evelyn kwa kujifanya amemuua. Nyumba yote imeshapakwa rangi nyeupe na kuwekewa taa za mchana kutwa, damu inaonekana kila tone.

Mwisho una maana gani?

Padri anaendesha gari usiku akiwa na Tae-ju na Mama Ra hadi kwenye jabali juu ya bahari, mahali hapana kivuli hata cha mti. Tae-ju akielewa anajificha kwenye buti, padri anang'oa kifuniko anakitupa, anaingia chini ya gari, padri analisukuma gari. Inachekesha na inauma. Mwisho anakubali, anavaa vile viatu vya padri vya usiku ule wa kwanza, wanakaa juu ya boneti jua linachomoza, na Mama Ra anaangalia kutoka ndani ya gari.

Kwa Zola wawili hao wanamaliza kwa glasi moja ya sumu baada ya kila mmoja kugunduliwa alipanga kumuua mwenzie, na Madame Raquin anakaa kuziangalia maiti kwa karibu saa 12. Mpangilio ni ule ule, hadi shahidi ni yule yule. Ila kwa Zola wamechoka tu, neva zimekwisha. Kwa Park mmoja wao amechagua, na amemchagulia mwenzake bila kumuuliza, na hapo mimi sina amani naye. Tae-ju aliozeshwa bila kuulizwa, akafufuliwa bila kuulizwa, anakufa bila kuulizwa. Nadhani Park anajua hilo ndo maana alimpa yeye viatu, kitu kidogo alichofanya kwa hiari yake.

Na kabla hujaniuliza kuhusu ile sini ya kambi ya waumini, ambako padri anaonekana akijaribu kumbaka binti: hakukusudia kumbaka, alitaka waumini waliomgeuza mtakatifu wamwone, wamchukie na waondoke. Alijivunjia heshima ili wasimwabudu. Ila binti aliyetumika kwa hilo naye hakuulizwa, na mtu akikataa kumsamehe padri kwa sini hiyo simbishii.

Ilipokelewaje, ilipata tuzo?

Mei 2009 iliingia mashindano ya Cannes ikapata Tuzo ya Majaji, wakagawana na Fish Tank ya Andrea Arnold wa Uingereza, rais wa majaji akiwa Isabelle Huppert. Kim Ok-bin akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Sitges, Hispania, mwaka huo huo. Kwao iliuza tiketi zaidi ya milioni 2. Maoni ya watazamaji yaligawanyika, wengine walilalamika ni ndefu na inabadilika badilika, mara tamthilia ya kanisa, mara vichekesho, mara mauaji. Mimi nadhani hiyo nusu saa ya kabla ya mauaji ingeweza kupunguzwa kidogo, zaidi ya hapo siondoi kitu.

Nisome kitabu kwanza au niangalie muvi kwanza?

Muvi kwanza. Kitabu ni kifupi, kinasomeka kwa siku mbili tatu, na ukikisoma baadaye utakuwa unakutana na vitu unavyovijua vikiwa na nguo nyingine, raha yake ni kubwa. Ukitaka kukiona kitabu hicho hicho bila vampaya ipo ya Marcel Carné ya 1953 akiwa na Simone Signoret, na ipo In Secret ya 2013 akiwa na Elizabeth Olsen. Na ukipenda jinsi Park anavyochukua kitabu cha Ulaya akakihamishia kwao, nenda The Handmaiden ya 2016, ametoa kwenye riwaya ya Sarah Waters ya Uingereza akaipeleka Korea ya wakati wa ukoloni wa Japani. Humo wanawake wanaulizwa, tena wanajibu.